Masika ya Dakta Mbaya

Runzewe, Jumapili, 13 Februari 2022

Daftari hili nilipewa na Asteria alipokuja likizo. "Andika, mama," alisema, "maana baba akisinzia wewe unaendelea kuongea peke yako." Nimelikalia muda mrefu. Leo naanza kwa sababu mvua imegoma na hakuna la kufanya. Mahindi yamekunja majani. Karanga zangu nyuma ya nyumba zimezongwa na magugu, maana magugu hayajui ukame.

Asteria kapiga simu baada ya Misa. Yuko Sumi, Ukraine, mwaka wa tano wa udaktari, na akimaliza anataka kuwa bingwa wa watoto. Mungu alitupa huyo mmoja akafunga mlango. Nikamuuliza haya maneno ya vita yanayosemwa redioni. "Salama tu, mama. Wenyeji wenyewe hawana wasiwasi." Nikamuuliza kama anakula. "Nakula, mama." Mtoto huyu hata akiwa mdomoni mwa simba atasema salama. Nimemlea mwenyewe hivyo, nimlaumu nani?

Jumatano, 16 Februari

Hakuna mvua. Nimezalisha mapacha pale kituo cha afya ninapofanya kazi, wote wazima, mama yao kacheka mpaka kachoka.

Jumapili, 20 Februari

Mama Mageni kanisimamisha nje ya kanisa. Huyu ni Scolastika, jirani yangu na mwenyekiti wa jumuiya yetu, na hakuna jambo la mtu hapa Runzewe ambalo si lake.

"Mama Asteria, karanga zako zinalia."

"Zikilia nitazinyonyesha."

Hakucheka. Mwanamke huyo hucheka Krismasi tu.

Alhamisi, 24 Februari

Vita vimeanza.

Nilikuwa leba. Leodgar kaja mpaka mlango wa kituo, kofia mkononi, kasimama hapo bila kuingia mpaka nilipotoka. Mume wangu ni mtu wa maneno machache siku zote, leo hakuwa nayo hata hayo machache. Kaniashiria redio aliyoishika, nikasikiliza, nikaomba kiti.

Ujumbe wa Asteria uliingia mchana: "Mama, tumeshuka kwenye handaki chini ya hosteli. Salama tu, usiwe na wasiwasi." Nimeusoma mara nyingi. Mtu yuko ndani ya handaki, juu wanapiga mabomu, halafu salama.

Leodgar kaaga anakwenda kutazama majaruba yake ya mpunga. Majaruba hayana tone la maji, anatazama nini? Nimemwona akiondoka na jembe begani nikasema moyoni kwamba huyu mwanaume ana moyo wa jiwe.

Ijumaa, 25 Februari

Nimerudi kazini nikakuta mikeka imetandikwa uani. Wanawake wa jumuiya wamekaa wamenyoosha miguu, Mama Mageni mbele na rozari yake.

"Hakuna aliyekufa hapa," nikawaambia.

"Hatujasema kafa, Mama Asteria. Tumekuja kukaa."

"Kaeni kwenu."

Niliyasema kwa sauti, na nisingeyarudisha. Waliondoka mmojammoja wakikunja mikeka. Watu hawa wananizikia mtoto yu hai.

Jumamosi, 26 Februari

Nimemwandikia Dakta Zdenka. Sijui kwa nini sikumkumbuka tangu juzi.

Niandike habari zake hapa, labda zitanituliza. Zdenka ni Mcheki, daktari bingwa wa watoto, na kwa miaka tuliyofanya kazi pamoja katika hospitali ya misheni hapa wilayani hakuna aliyeweza kulitamka jina lake. Tulimwita Dakta Mbaya. Si kwa ubaya. Ni kwamba ukimuuliza "Habari za asubuhi, dakta?" alijibu "Mbaya," kisha akakueleza: mgongo, chai ya baridi, popo darini. Alisema kwao Ucheki mtu akiuliza hali yako anataka kuijua, na wewe unamweleza magonjwa yako yote mpaka ajute.

Lakini kuna siku mchezo huo uligeuka sheria. Alikuwa hajamaliza hata mwezi kwetu. Mimi, Justina, nilikuwa muuguzi kijana, mkalimani wake. Akaingia mama mmoja kutoka upande wa Masumbwe, mtoto mgongoni kafunikwa na kitenge. Tukaanza kwa salamu za Kisukuma, kama tunavyoanza.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Nikamuuliza ya nyumbani, mhola, yaani salama. Ya watoto, mhola. Ya ng'ombe, mhola. Zdenka kaniuliza anasema nini, nikamwambia anasema wote wazima, nyumbani kwema. Zdenka akageukia mgonjwa mwingine. Ndipo akaona kale kamguu kanakotokeza chini ya kitenge, kanapigapiga kiuno cha mama yake. Degedege. Alitupa kalamu, akamfungua mtoto, akamlaza ubavu palepale sakafuni, na mpaka jua linazama hakuondoka pale. Mtoto alipona. Leo ni kijana wa bodaboda Masumbwe, anaendesha vibaya mno.

Jioni ile Zdenka alinijia kwa hasira. "Yule mama kwa nini amenidanganya?"

"Hakukudanganya, dakta. Alikuwa anakusalimia."

Kisha akasema huko Bosnia, kwenye vita, alikofanya kazi kabla ya kuja kwetu, hali ilikuwa hivyohivyo. Mama anaingia kwenye hospitali iliyohamia chini ya ardhi, anauliza kwanza hali ya daktari, anashukuru, anaomba radhi kwa kusumbua, huku mtoto anamfia mikononi. Tangu siku ile ya kamguu, wodini kwetu kukawa na amri: mtoto kwanza, salamu baadaye. Na yeye mwenyewe aliapa hatasema nzuri kwa adabu tena maisha yake yote.

Nilipenda kumuuliza maisha yake tukisubiri dripu ziishe. Mwaka sitini na nane alikuwa na miaka kumi na minane, vifaru vya kigeni vikaingia mjini kwao, naye alisimama dirishani na mama yake akivitazama vikipita. Alisema alichagua watoto kwa sababu mtoto hana adabu: akiumwa analia, akipona anacheza. Mkubwa anakufa huku anakuuliza wewe umeamkaje. Na alisema vita vya daktari wa watoto si risasi kama watu wanavyodhani. Ni kuhara, kikohozi na baridi, na mama ambaye maziwa yamekauka kwa hofu.

Sasa ni bibi wa miaka sabini na kitu, kastaafu, anafuga kuku kwao Ucheki. Nimemwandikia: "Dakta, mwanangu Asteria yuko Sumi."

Jumapili, 27 Februari

Kajibu. "Habari mbaya. Kuku nimempa jirani. Mimi nakwenda mpaka wa Slovakia kesho, stesheni ya treni, watoto wengi wanakuja. Nimestaafu lakini vita hajastaafu. Mwambie binti anitafute pale. Tuma picha yake."

Nimetuma picha. Nimemtumia Asteria namba ya Zdenka na jina la stesheni. Kajibu: "Sawa mama. Salama tu."

Jumatano ya Majivu, 2 Machi

Padre kanipaka majivu na maneno yake ya kila mwaka kuhusu mavumbi. Mwaka huu sikuyapenda.

Ujumbe wa Asteria: "Salama tu mama, ila maji yamekatika, tunayeyusha theluji." Nimegundua kitu ambacho nimekisikia maisha yangu yote bila kukisikia. Kwetu habari yenyewe hukaa baada ya "ila". Yaliyotangulia ni kufuta miguu mlangoni.

Mama Mageni hajanisalimia kanisani. Haki yake.

Ijumaa, 4 Machi

Mvua! Imeanza alfajiri, kubwa, mabati yakaunguruma. Leodgar kakimbilia majarubani bila hata chai.

Jumatatu, 7 Machi

Mvua. Walitaka kuwatoa wanafunzi leo, ikashindikana, wamerudishwa hosteli. "Salama tu mama, ila tumesikitika kidogo." Kidogo! Nimewaka kwa hasira mpaka nikamkaripia mama mjamzito asiye na kosa, nikarudi kumwomba radhi.

Jumanne, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Tumevaa vitenge vya sare, tumeandamana kwenye tope. Ujumbe umeingia nikiwa kwenye mstari: "Mama, tumepanda basi. Salama tu."

Hakuna ila. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumatano, 9 Machi

Kimya. Mvua.

Alhamisi, 10 Machi

Kimya. Mvua na radi, mnara wa simu umezima. Leodgar majarubani kutwa nzima.

Jumamosi, 12 Machi

Sikuandika jana kwa sababu watu walikaa kwangu mpaka usiku. Niandike leo taratibu, toka mwanzo.

Simu niliiacha nyumbani dirishani, pale ambapo mtandao hukamata ukitaka. Nilikuwa na mama wa uzao wa kwanza tangu alfajiri, mtoto alikuja vizuri mchana, nikanawa, nikatoka. Njiani nikakutana na watu wanaonitazama kisha wanatazama chini. Mwanamume mmoja alivua kofia. Nikaongeza mwendo.

Nilipofika nilikuta msiba wangu umeshaanza bila mimi. Turubai limesimamishwa uani. Wanaume wamekaa kwenye viti vya kanisa. Sufuria kubwa la jumuiya liko motoni, wanawake wanasonga ugali, na humo ndani kuna sauti za vilio ambazo nimezisikia kwenye nyumba nyingi, sikuwahi kuzisikia kwenye yangu. Leodgar kakaa chini kabisa, kwenye tope, kashika simu kwa mikono miwili.

"Mama Asteria," akasema. Akaninyooshea simu.

Nikachukua simu. Ujumbe ulikuwa wa Zdenka. Maneno mawili: "Habari mbaya." Chini yake hakuna kitu. Mtandao ulirudi dakika moja, ukaleta hayo, ukaondoka zake.

Na hapohapo, sijui ilitoka wapi, nikasikia sauti yangu ikisema kwa nguvu: "Nyamazeni!"

Wakanyamaza.

"Huyu mama ni Dakta Mbaya. Mnamkumbuka? Mama Mageni, alimtibu Mageni wako surua, unamkumbuka?"

"Namkumbuka, Mama Asteria."

"Amewahi kukwambia habari nzuri?"

Mama Mageni akafikiri. "Siku Mageni anaruhusiwa nilimuuliza habari, akasema mbaya, kiatu kinambana."

"Basi. Hapa hakuna maiti. Hapa kuna kiatu."

Nilisema hivyo nikiwa nimesimama wima, na Mungu anisamehe, sikuyaamini maneno yangu hata nusu. Ndani yangu kuna mtu alikuwa tayari amelala chini anagaagaa. Mtu anaweza kusema mbaya miaka ishirini kwa sababu ya kiatu, na siku moja akaisema kwa sababu ni mbaya. Niliipeleka simu dirishani nikaiweka pale pale, nikasimama kando yake. Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyelia pia. Ugali ulibaki unafuka. Mvua ilianza tena juu ya turubai na sote tukabaki tunaitazama simu.

Ikatetemeka. Kisha ikatetemeka tena, na tena, mpaka ikasogea yenyewe kwenye kizingiti cha dirisha. Nilishindwa kusoma, macho yalijaa. Mama Mageni kavaa miwani yake, kachukua simu, kasoma kwa sauti ile anayosomea masomo ya Jumapili:

"Goti langu la kulia limevimba."

"Treni imechelewa sana. Chai imeisha. Watoto wote kikohozi."

"Binti yako mkaidi. Nilisema kula, akampa mtu mwingine supu. Nilisema lala, hakutaka."

Hapo vilio vilianza upya, lakini si vya aina ile. Leodgar alikuwa amesimama. Mama Mageni kainua mkono kama padre, akaendelea:

"Picha yako haikusaidia, wote wamevaa kofia. Alishuka na mtoto wa watu, degedege ya homa. Alimlaza ubavu sakafuni, akafungua nguo, akakaa naye. Hakutia kijiko mdomoni. Mimi nilijua mikono. Mikono ya Justina."

"Sasa amelala ofisini, juu ya koti langu. Mimi sina koti. Baridi mbaya."

Nilikaa chini, tope au si tope. Leodgar kakaa karibu yangu, kanishika bega mbele ya watu wote, jambo ambalo hajalifanya hata siku ya harusi. Yule mwanamke asiyecheka mpaka Krismasi alivua miwani, akaifuta, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. "Goti!" anasema. "Turubai lote hili kwa ajili ya goti!"

Tukala ule ugali wa msiba. Ulikuwa mtamu. Turubai hatukulitoa kwa sababu ya mvua, watu wakakaa, mtu akaleta ngoma, na Kwaresima yenyewe ilitufumbia jicho.

Asubuhi hii nimekwenda nyuma ya nyumba kwa mara ya kwanza tangu vita vianze. Nilitegemea pori. Nimekuta karanga zimepaliliwa, mistari yote, safi, zimeanza kutoa maua ya njano. Nikaenda kwa Mama Mageni.

"Nani kapalilia?"

"Ulisema tusikae uani," akanijibu, huku anapepeta mchele wake bila kuniangalia. "Tukakaa shambani. Ukienda kazini tunaingia."

Nilitafuta neno la kumwambia, nikapata moja la kwetu la shukrani. "Wabeja, mayu." Nikachukua ungo wa pili nikapepeta naye.

Jumapili, 13 Machi

Asteria kapiga, tumeona uso wake. Kakonda. "Salama tu, mama." Nimelia, kacheka, simu imekatika.

Baada ya Misa Leodgar kaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba majarubani hakuwa anatazama mpunga. "Nilikuwa nakwenda kulia. Hapa ungeniona." Nilimwita moyo wa jiwe ndani ya daftari hili. Nimefungua ukurasa ule nikampa kalamu ayafute maneno yale mwenyewe. Kayaacha. Kasema jiwe ni zuri, linajengea nyumba.

Jumapili, 20 Machi

Mpunga umesimama. Asteria anasema haji kwanza, anabaki kumsaidia Zdenka. Stesheni ina watoto kila treni, na yeye anazijua lugha zao. Nimemwambia arudi mara moja. "Mama, wewe ungerudi?" Nimekata simu. Nimekasirika kwa sababu najua jibu.

Alhamisi, 24 Machi

Zamu ndefu. Malaria imeanza na mvua zake. Watoto kwanza, salamu baadaye.

Jumapili, 27 Machi

Kila jioni "salama tu, mama". Hakuna ila hata moja. Amefika mahali hakuna mabomu, anakula, analala kitandani, na mimi bado nikiisikia ile salama usingizi unaruka. Yuko mzima kwa mwili. Huyo atakayenirudia ni yule niliyempeleka, au nitarudishiwa kofia na koti tu? Leo nimevunja adabu, nimemuuliza Zdenka moja kwa moja: "Asteria anasema yuko salama. Ni kweli?"

Kajibu haraka. "Hapana. Analia chooni. Anadhani sisikii. Anaota basi. Kuna mtoto mmoja hatukuweza kumwokoa, mdogo sana, baridi. Yeye alimshika mpaka mwisho. Usiogope. Mimi pia nililia chooni, Bosnia, mwaka mzima. Hakuna mtu aliniuliza, wote waliniambia pole na mimi nikasema asante, nzuri. Hiyo ndiyo iliniumiza. Mtu asiyelia ndiye naogopa. Na kazi yake ni nzuri."

Nimeisoma kwa Leodgar. Kanionyesha neno la mwisho kwa kidole. Tangu tumfahamu hatujawahi kumwona akiliandika kwa kusifu.

Ni ajabu kwamba barua kama ile inaweza kumlaza mtu usingizi. Mchana huu nimelala kama gogo.

Jumapili, 3 Aprili

Karanga zinaingia ardhini. Mama Mageni kasema zimependeza, kana kwamba si mkono wake.

Jumapili ya Matawi, 10 Aprili

Anarudi! Tiketi imepatikana, Zdenka na wenzake wamefanya mpango. Leodgar kapaka mlango rangi ya bluu. Kaupaka pamoja na bawaba, sasa haufungi.

Jumatatu, 11 Aprili

Zdenka: "Habari mbaya. Ameondoka. Ofisi kimya. Goti bado."

Nimemjibu kwamba na mimi nampenda.

Jumanne, 12 Aprili

Tulikwenda stendi jumuiya nzima, kitenge cha sare. Basi la kutoka Mwanza lilichelewa. Aliposhuka sikumtambua mara moja, kwa sababu mkononi alikuwa amebeba koti zito la kijivu, kubwa kama blanketi, katika jua hili la Runzewe. Kisha akageuka, nikaona paji la uso la baba yake.

Vigelegele. Alipiga magoti palepale kwenye changarawe kama tulivyomfundisha, akamsalimia baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

Nililiona lile neno likija. Nimelisikia tangu Februari, kutoka handakini, kutoka kwenye basi, kutoka stesheni, nilijua hata sauti litakayokuja nayo. Wanawake wote walikuwa wameshafungua midomo kulipokea. Asteria aliangalia chini, akalikumbatia lile koti.

"Mbaya, baba," akasema. "Ilikuwa mbaya sana."

Vigelegele vilikatika. Mtu nyuma yangu akaguna. Hapa hakuna anayejibu hivyo, hasa mtoto kwa baba yake, hasa akiwa amepiga magoti. Leodgar akanigeukia mimi.

Mimi nilikuwa nimeshashuka chini kwenye changarawe. Nilimshika uso. Alikuwa ameanza kulia, kwa sauti, kama mtoto mdogo asiye na adabu, makamasi na yote, katikati ya stendi. Huyu hapa. Huyu ndiye wangu, wamenirudishia mzima mzima.

"Tuambie," nikamwambia. "Usifupishe."

Mama Mageni ndiye aliyetandika kitenge chake chini. Akakaa, akanyoosha miguu. "Tumekuja kukaa," akasema, na safari hii sikumfukuza.

Jumatano, 13 Aprili

Ameongea mpaka sauti ikakauka. Amelala bila kuota, nimechungulia. Mpaka sasa jua limepanda bado amelala, koti la Zdenka limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango usiofunga. Mvua ya mwishomwisho imenyesha alfajiri, nyepesi.

Leodgar kaamka, kajinyoosha, kaniuliza kama anavyoniuliza kila siku ya ndoa yetu: "Umeamkaje, Mama Asteria?"

"Nzuri," nikamjibu. Sikuwa namsalimia.